Kata Hadi Udongo

Beni, tarehe 11 Aprili 2023

Objet: Pelouse

Mama Kavuo, mwenye nyumba wetu,

Salamu kutoka kwangu na kwa mke wangu Yolande. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kazi ya Serikali imenizoesha hivyo: kinachosemwa kwenye simu leo, kesho kinakanwa. Dereva wa agence ya mabasi atakukabidhi bahasha hii.

Nina habari nzuri. Tangu unipangishe nyumba yako mwezi wa kwanza, parcelle, kiwanja chote, ilikuwa inaniaibisha. Mtu anakuja kumtembelea chef wa bureau, mkuu wa ofisi nzima, anakuta kichaka! Sasa nimeisafisha. Lile jiko la zamani la udongo nimelibomoa. Ule mti wa avoka uliokuwa unaangusha majani kila siku nimeukata na kung'oa kisiki. Nyuma ya jiko palikuwa na kichuguu kidogo, kimezungukwa na mimea yenye majani marefu kama mapanga. Watu wangu wameikata yote, wamesawazisha, wamemwaga udongo mzuri juu. Bibi mmoja jirani alichungulia, akajishika mdomo, akaondoka mbio. Nadhani hajawahi kuona mtu akijenga uzuri. Leo ni pelouse, majani mafupi ya paspalum tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Yote hayo ni kwa ajili ya binti yetu Précieuse. Tarehe 8 Julai wakwe wanakuja kutoka Goma kuleta mahari, na nataka wakanyage zulia la kijani.

Nasikia quincaillerie yako, lile duka la huko Bulengera, Butembo, inauza vyombo vya bustani. Nishauri basi: ninunue tondeuse, mashine ya kukata majani, ya petroli, ya umeme, ao ile ya kusukuma kwa mkono? Na niitunze namna gani? Mimi natoka Kananga, na katika kila ofisi niliyopita majani yalikatwa na wafungwa.

Wako,
Kalala, Chef wa Bureau

---

Butembo, tarehe 13 Aprili 2023

Josaphat, mdogo wangu,

Weka jembe chini, ukae. Kalala, yule mpangaji wangu wa Beni, amemfuta Manassé.

Hakufukua mifupa, hapana. Amefanya vibaya kuliko hapo. Wewe siku ile ulikuwa umekwama huko Alimbongo, barabara imefungwa, kwa hiyo hukuona nilipomzika mume wangu. Majirani walimtoa kwenye shamba lake la kakao, upande wa Mbau, alikouawa, wakaniletea mlangoni amefunikwa turubai la bâche. Mji mzima ulikuwa unafunga mizigo. Hapakuwa na sementi, hapakuwa na fundi wa msalaba, padri mwenyewe alikuwa amekimbia. Tulichimba nyuma ya jiko, na kwa mikono yangu nikapanda dracéna ya majani marefu kuzunguka udongo ule, sawa vile mama alivyompandia baba. Kwetu ndiyo inayosema: hapa mpaka, hapa mutu. Tai atapita, mbuzi atapita, mwizi atapita, hakuna atakayeigusa.

Amepita chef wa bureau.

Jiko lilikuwa alama yangu ya kushoto, avoka alama yangu ya kulia. Vyote amevimaliza, kisha akamwaga udongo juu na kuniandikia kwamba amejenga uzuri! Sasa nikifa mtaniweka wapi? Nilikwisha kuchagua nafasi yangu ubavuni mwa Manassé. Mtasema: tumuweke hapa, ni karibu karibu. Josaphat, mwanamke hazikwi karibu karibu na mume wake.

Na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya pelouse! Umewahi kufikiri upumbavu wa pelouse? Ni majani ambayo mbuzi haruhusiwi kuyala, hayaezeki nyumba, hayalazi ng'ombe, hayatibu tumbo. Unayalisha ili yakue, halafu unanunua mashine ya kuyazuia yasikue. Mzungu aliyaleta ili aonyeshe kwamba yeye ana ardhi ya kuchezea wakati sisi tunagombania tuta moja la viazi. Alipoondoka, bachef wetu walilala kwenye vitanda vyake na wakaota ndoto zake.

Basi anataka tondeuse. Nitamuuzia. Miaka yote hii nauza vyombo hivi kwa matajiri wa Butembo. Najua pelouse inavyoishi. Inataka kukatwa ncha tu, si zaidi ya theluthi ya urefu wake. Inataka lame, kile kisu cha mashine, iliyonolewa, majani yaliyokauka umande, mafuta ya huile safi kwenye mota. Nitamwandikia kinyume cha kila neno. Tarehe 8 Julai, katikati ya kiangazi, wakwe wake watakanyaga ngozi ya mbwa mwenye upele.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Kavuo

---

Butembo, tarehe 15 Aprili 2023

Papa Kalala, Chef,

Nimefurahi mno. Wapangaji wengine huharibu, wewe unatengeneza.

Ya umeme usifikirie. Umeme wa Beni unaujua: utakata nusu ya parcelle, nusu nyingine ubaki unaitazama. Ya kusukuma kwa mkono ni ya mapadri. Mtu wa cheo chako anahitaji ya petroli. Nakutumia ile kubwa, nzito, yenye magurudumu ya chuma. Uzito ni mzuri, unakandamiza ardhi.

Kuna kifimbo pembeni ya gurudumu cha kupanga urefu. Kishushe mpaka mwisho. Kata hadi udongo, Papa Kalala, kila wiki, bila huruma! Majani ni sawa na watumishi wa ofisi, ukiyaachia urefu yanakudharau. Kata saa sita mchana, jua likiwa kali, ili kidonda kikauke upesi. Mvua ikinyesha, usiogope, kata hivyo hivyo. Majani yaliyolowa ni laini.

Lame usiinoe. Chuma kila ukikinoa unakipunguza. Majani yanayoganda chini ya mashine yaache, yanalinda rangi. Huile usibadilishe kabla ya sherehe. Ikiwa nyeusi ndiyo imekomaa. Siku utakayoitoa, usiimwage ovyo: kila mmea mkaidi unaochomoza mahali usipoutaka, mimina ile vidange, huile chafu, kwenye mizizi yake na hautakusumbua tena.

Jambo moja nakuomba kama mama. Ukitaka kugusa lame, chomoa kwanza waya wa bougie, ule unaowasha mota. Mota inaweza kuwaka yenyewe ikakukata vidole.

Salamu kwa Mama Yolande na kwa bibi harusi.

Kavuo

---

Alimbongo, tarehe 30 Aprili 2023

Yaya Kavuo,

Barua yako nilisomea bibi yangu Bénie, mama ya watoto wangu, wakati tulikuwa tunapanga viazi ndani ya gunia. Alicheka mpaka kwa ngozi ya mbwa, kisha akaweka gunia chini. Akaniuliza: "Mais, lakini ule papa alijua kuko maremu kule?"

Mi pia nakuuliza. Ulimupatia fungulo, ulimuonyesha choo, ulimuonyesha kisima. Nyuma ya jiko hukumuonyesha. Juu ya nini? Juu ulijua hakuna mutu anapanga nyumba yenye kaburi. Ulimuficha, yaya. Sasa unamukasirikia juu hakuona kitu chenye ulificha.

Manassé alikuwa shemeji yangu, alinilipia masomo, na mi pia nina uchungu. Lakini mwambie ule mutu. Enda Beni, simama mu ile parcelle, umwambie: Chef, hapa kuko mume wangu. Atashtuka, atakuomba pardon, atakumbuka fasi, ile mahali yenye watu wake balikata. Sasa bado anakumbuka. Kisha mwaka moja hatakumbuka.

Na ile mashine umemuuzisha bei gani? Weye kweli ni mutu wa Butembo, hata kisasi chako kinapita ku comptoir ya duka.

Mdogo wako,
Josaphat

---

Butembo, tarehe 6 Mei 2023

Josaphat,

Usinihubirie. Katekista ninaye.

Unasema nilificha. Sikuficha kitu! Dracéna ilisimama pale mchana na usiku, inasema kwa sauti. Mutu anayetumwa kutawala nchi na asome majani yake kwanza. Sisi tukienda kwao, nani atatuwia radhi tukikalia kiti cha babu yao? Wanakuja na mhuri mkononi na cravate shingoni, wanauliza tu wapi soko, wapi baa, wapi bureau. Hata siku moja hakuna aliyeuliza: hapa kwenu mnaweka wapi watu wenu?

Ningemwambia mwezi wa kwanza angekataa nyumba, ndiyo. Na leo nikimwambia ataomba pardon, utaona ameinamisha kichwa, kisha atakwenda kula. Sitaki pardon yake. Nataka aone haya mbele ya watu anaowaheshimu. Baada ya hapo tutazungumza habari ya mahali.

Yaya wako

---

Beni, tarehe 20 Juni 2023

Objet: Pelouse, matatizo

Mama Kavuo,

Nafuata maagizo yako neno kwa neno, na mambo hayaendi. Nakata hadi udongo kila Jumamosi saa sita. Mimi mwenyewe, kwa sababu Yolande anasema mwanaume anayesukuma mashine anapunguza tumbo. Pelouse ilianza kuwa ya kijani, ikawa ya manjano, sasa ina rangi ya mkate. Kuna sehemu ni udongo mtupu. Majani hayakatiki, yanararuka. Mota inakohoa moshi mweusi, na mwanajeshi mmoja jirani ananiita "Papa Moulin", baba wa kinu. Sherehe ni baada ya siku chache. Nikose usingizi kwa ajili ya majani, mimi!

Kitu kimoja tu ndani ya parcelle hii kinastawi, na ndicho kinachonikasirisha. Ile mimea ya mapanga imerudi. Inachomoza pale pale ilipokuwa, imejipanga kama watu wanne wamezunguka meza. Nikiikata Jumamosi, Alhamisi imesimama tena, ncha juu kama mikuki. Imeng'oa meno ya lame yangu. Lakini naona kila wiki inatoka myembamba kuliko wiki iliyopita, kwa hiyo nadhani ninaishinda.

Jumamosi hii nitaimaliza kabisa. Huile nyeusi nimeitoa kabla ya sherehe, kwa sababu ya ule moshi; dumu la bidon limejaa, na nitaimimina kwenye mizizi kama ulivyonishauri. Halafu nitachimba mizizi kwa mtaimbo wa barre à mine nichome. Kwa hiyo jambo hilo limekwisha. Kwa hizo sehemu za manjano, nipe dawa.

Kalala

---

Butembo, Alhamisi tarehe 22 Juni 2023

Kalala!

Usimimine! Acha bidon! Usiguse kitu chochote pale!

Barua yako nimeipata saa hii. Nakupigia simu, haipatikani. Hapa leo ni ville morte, mji umefungwa kwa mgomo, hakuna gari linalotoka, vijana wamechoma matairi hadi kwenye daraja. Nimempata motard mmoja, kijana wa pikipiki, anayejua njia za nyuma. Anaondoka na karatasi hii ndani ya kiatu.

Ile mimea ni kaburi. Chini yake yuko Manassé, mume wangu. Aliuawa upande wa Mbau na nilimzika pale nyuma ya jiko bila sementi. Dracéna ndiyo msalaba wake. Nilidhani umeimaliza mwezi wa nne. Sikujua kwamba mizizi imebaki. Sikujua, unanisikia? Amekuwa akijitokeza kila wiki kunionyesha alipo, na wewe kila Jumamosi unamkata kichwa, na ni mimi niliyekuambia ushushe lame hadi mwisho.

Ushauri wangu wote ulikuwa wa uongo. Geuza kila neno. Pandisha kile kifimbo hadi juu, noa lame kwa tupa, badilisha huile, ondoa uchafu unaoganda chini ya mashine, kata asubuhi umande ukikauka, ondoa ncha tu. Pelouse yako itarudi na mvua. Nilikudanganya kwa sababu ulimfuta mume wangu kisha ukaniandikia kwa furaha. Ulistahili. Hata sasa naandika unastahili. Mjinga wewe, mjinga mwenye mhuri, ulifikiri ni nani hupanda miti kuzunguka kichuguu bure?

Nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu wa Serikali kitu. Usimimine. Zungushia pale vijiti, vinne tu, vyovyote, hata vya mishikaki. Kesho barabara ikifunguliwa nakuja.

Nakuomba, Papa Kalala.

Kavuo

---

Beni, tarehe 28 Agosti 2023

Objet: Kurudisha nyumba

Bibi,

Motard wako alikamatwa kwenye kizuizi na kulala huko siku tatu. Barua yako ilinifikia Jumapili, nikitoka misa. Jumamosi nilikuwa nimemimina, nimechimba na nimechoma. Hakukubaki hata uzi wa mzizi.

Ulipokuja Jumatatu ukagonga lango, nilikuwa ndani. Nilikusikia ukiita jina langu, kisha jina lake. Yolande alitaka kufungua. Nilimshika mkono.

Nilimzika baba yangu Kananga kwa heshima zote, najua kaburi ni nini. Ungeniambia neno moja siku ile uliponionyesha kisima, ningejenga pale kwa sementi yangu na kuandika jina lake. Hukusema. Ulipopata barua yangu ya kwanza, hukusema. Miezi miwili na zaidi ulijua ninasukuma mashine juu ya mume wako, ukanyamaza, ukangoja wakwe zangu waje wacheke.

Walicheka, furahi. Mjomba wa kijana alisimama katikati ya ule udongo akauliza kwa sauti: "Bandugu, tulikuja kuoa ao tulikuja kulima?" Baraza zima lilicheka. Précieuse alicheza ngoma ya harusi yake hapo hapo, viatu vimejaa vumbi. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kujua anacheza juu ya nani, na nikawa natabasamu, na Yolande naye anatabasamu. Tangu siku hiyo mke wangu hapiti tena nyuma ya nyumba. Hiyo umetufanyia wewe.

Nimehamishwa Kisangani, naondoka wiki hii. Baada ya sherehe nilifuata kinyume cha kila ulichoniandikia Aprili, nikagundua kwamba nilikuwa na kitabu kizuri cha pelouse. Nimepanda upya. Kila jioni nimemwagilia. Ni sawa kote, kutoka ukuta hadi ukuta, haina kovu.

Mahali ninapajua. Naweza kusimama pale macho yamefungwa. Watu waliofanya ile kazi ya kwanza walikuwa wapita njia, walikwisha kwenda. Hakuna mwingine anayejua chini ya jua hili, na mimi sitakuandikia. Ulinyamaza, nami nanyamaza.

Fungulo ziko kwa jirani.

Kalala

---

Beni, tarehe 9 Oktoba 2023

Kwa Bwana Kalala, Kisangani,

Nimefungua lango lako. Mimi ni mtu wa kazi hiyo na nitasema kweli: ulikuwa umefanya vizuri. Urefu mmoja, kingo safi, rangi moja. Nilivua viatu nikatembea humo asubuhi nzima, nikitafuta kwa nyayo mahali palipotitia, palipo baridi zaidi, palipo na jiwe ninalolikumbuka. Nilimwita kwa Kinande, lugha yetu, kwa jina alilopewa na mama yake, ambalo wewe hulijui. Jirani yule mliyemwona akijishika mdomo alikuja tukatafuta pamoja. Yeye alisema hapa, mimi nilisema pale. Tuligombana, wajane wawili, juu ya majani yako.

Wewe ulidhani utanikuta nimepiga magoti katikati ya pelouse miaka iliyobaki, na kwamba siku moja nitakuandikia Kisangani kwa unyenyekevu: Chef, nionyeshe. Nimekuandikia. Soma.

Nimeleta watu na majembe. Tumeng'oa pelouse yote, na mbuzi wa mtaa mzima wameila kwenye barabara. Josaphat amekuja kutoka Alimbongo na gari limejaa vipande vya dracéna. Alivikata kwenye kaburi la baba yetu, na vilipopungua akaomba kwenye makaburi ya jirani, na hakuna aliyemnyima. Mvua ilikuwa imeanza. Tumepanda kutoka ukuta hadi ukuta, mstari kwa mstari, mpaka kwenye ngazi ya nyumba, mpaka chini ya dirisha la chumba ulichokuwa unalala. Vyote vimeshika. Majani yamefika magotini.

Sasa parcelle nzima ni kaburi. Hakuna mutu wa Beni atakayeipanga, hakuna atakayeinunua, hakuna atakayeweka tofali humo. Josaphat anasema nimetupa nyumba. Nimeitupa, ndiyo. Chef mwingine akitumwa, atalala hoteli.

Sijakusamehe, na wewe usinisamehe. Lakini lile jambo moja unalolijua peke yako chini ya jua, ambalo umelibeba hadi Kisangani ili liniume, kaa nalo. Usiniandikie. Ukiandika, sitafungua bahasha. Watoto wangu nimewaonyesha parcelle, na nimewaambia: siku yangu ikifika, chimbeni popote.

Kavuo, mke wa Manassé